Hadithi ya Dakika Mbili: Kazi Mpya ya Darasani na Haki za Mzazi wa Eastlands

Mtoto anaporudi nyumbani Kayole, Makongeni au Umoja na kuomba simu ya mamake kwa sababu ya kazi ya shule, mzazi huwa na maswali mawili. La kwanza ni la pesa: je, bando litakwisha? La pili huja baadaye, mara nyingi picha zikiwa zimeshatumwa: picha hizi za nyumba yetu na za mtoto wetu zinaenda wapi, na ni nani atakayezitazama?

Maswali yote mawili yana majibu. Lakini kwanza ifahamike kazi yenyewe ni nini, maana wapo wazazi wanaosikia neno "kidijitali" wakadhani mtoto anafunzwa kuchezea simu.

Hadithi fupi ya kidijitali ni simulizi ya dakika mbili au tatu ambayo mwanafunzi ameiandika mwenyewe na kuisoma kwa sauti yake mwenyewe. Sauti hiyo huunganishwa na picha chache: picha alizopiga, michoro ya kalamu za rangi, au picha ya zamani iliyotolewa kwenye albamu ya nyumbani. Si filamu, kwa kuwa haina waigizaji. Si video ya TikTok pia, kwa kuwa haitafuti kupendwa na watu wasiomjua mtoto. Msingi wake ni sauti ya msimulizi na jambo moja analotaka kusema. Mtindo huu ulipata umbo lake mjini San Francisco, Marekani, katikati ya miaka ya 1990, Joe Lambert na wenzake, akiwemo msanii Dana Atchley, walipoanza warsha za kuwasaidia watu wa kawaida kusimulia maisha yao kwa kompyuta. Mwaka 2001 shirika la utangazaji la BBC liliupeleka Wales, na baada ya muda ukaingia katika shule za nchi nyingi.

Mathare ilitangulia

Wakaazi wa Eastlands wana mfano wa karibu zaidi, tena wa kabla ya simu zenye kamera. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong na Francis Kimanzi, ambaye mashabiki wa kandanda wanamjua zaidi kama kocha wa zamani wa Harambee Stars, walianzisha mradi wa Shootback pamoja na chama cha vijana cha MYSA huko Mathare. MYSA yenyewe ilikuwa na miaka kumi wakati huo, ikijulikana kwa kandanda na usafi wa mtaa. Vijana wapatao 30, wa umri wa kati ya miaka 12 na 17, walipewa kamera za plastiki za bei ya chini. Kila wiki walipiga picha za maisha yao na kuandika maneno yao wenyewe. Mwaka 1999 kazi hiyo ilichapishwa kuwa kitabu.

Kamera zile zilitumia filamu, na roli moja ilikuwa na picha za kuhesabika. Ukibonyeza ovyo, filamu imekwisha. Kijana alilazimika kujiuliza kabla ya kubonyeza: nataka kuonyesha nini? Mwalimu wa leo, mwenye kifaa kinachobeba maelfu ya picha, ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu mpaka huo lazima auweke yeye. Kikomo cha picha 12 kwa kila hadithi kinafaa. Mtoto akipiga picha 200 za jikoni kwao, siku nzima itaishia katika kufuta.

Kuna jambo jingine la kujifunza kutoka Mathare. Picha nyingi za mitaa ya mabanda zinazosambaa duniani zimepigwa na wageni waliokaa mchana mmoja wakaenda zao. Kijana anayeishi hapo huona vitu vingine: ndugu yake akioga kwenye karai, mpira wa makaratasi, kinyozi, foleni ya maji. Anajua pia kipi si cha kuonyeshwa.

Nafasi yake katika mtaala

Mtaala wa umilisi, ambao wengi wanaujua kwa jina la CBC, ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019. Una umilisi wa msingi saba, na kati yake kuna mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, na umilisi wa kidijitali. Hadithi ya dakika mbili inagusa yote matatu katika kazi moja. Wala mwalimu hahitaji kipindi cha ziada. Somo la Kiswahili tayari lina kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi, na hadithi hii hupitia kila kimoja. Vipindi vya insha vinatosha.

Kuhusu vifaa, serikali ya kitaifa ilianza mwaka 2016 mpango wa kupeleka teknolojia katika shule za msingi chini ya Mamlaka ya TEHAMA. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za umma zaidi ya 21,000: vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta, na seva ndogo ya kuhifadhia masomo. Lakini kishikwambi cha miaka hiyo sasa ni mzee. Betri imechoka, na pengine kimefungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Zaidi ya hayo, mpango ule ulikuwa wa shule za umma. Watoto wengi wa Mathare, Korogocho na Huruma husomea shule za kibinafsi za karo ya chini zilizo chini ya utaratibu wa APBET, na huko kifaa cha pekee mara nyingi ni simu ya mwalimu.

Habari njema ni kwamba simu moja inatosha. Habari isiyopendeza sana ni kwamba kazi itachukua wiki kadhaa, na mwalimu anayeahidi kuimaliza kwa kipindi kimoja hajawahi kuijaribu.

Kazi inavyokwenda

Siku ya kwanza hakuna kifaa chochote mezani. Wanafunzi hukaa kwa duara na kila mmoja husimulia jambo moja dogo, wenzake wakimsikiliza na kumuuliza maswali. Hii ndiyo sehemu inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoamua kama hadithi itasikilizika.

Chukua mfano wa mada "kitu kimoja cha nyumbani kwetu". Mwanafunzi anachagua mtungi wa maji. Akiachwa peke yake na karatasi ataanza, "Maji ni uhai", kama alivyofunzwa, kisha ataandika ukurasa mzima ambao mtoto yeyote wa kaunti yoyote angeuandika. Akiwa kwenye duara, wenzake humuuliza: Nani huubeba? Mnanunua wapi? Siku mifereji ikikauka inakuwaje? Mbona umefungwa kamba? Ghafla kuna hadithi. Kamba ni ya babake, aliyeifunga baada ya mpini kukatika kwenye ngazi, orofa ya nne, na maji yote kumwagika hadi mlangoni kwa jirani. Jirani badala ya kukasirika alitoa mtungi wake. Hapo mtoto ana mwanzo, ana tukio, ana mtu aliyebadilisha mambo, na hakuna mtoto mwingine darasani anayeweza kuisimulia hadithi hiyo.

Shule za Kenya zina mazoea ya insha za kukariri. Kila msomaji wa makala haya anakumbuka jinsi alivyorauka alfajiri na mapema kabla ya jogoo kuwika, hata kama mtaa wao haukuwa na jogoo hata mmoja. Misemo hiyo hupita kwenye karatasi. Ikisomwa kwa sauti ya mtoto mwenyewe husikika kuwa ya mtu mwingine, na watoto huwa wa kwanza kucheka. Kinasa sauti kinafanya kazi ambayo kalamu nyekundu ya mwalimu imeshindwa kuifanya kwa miaka mingi.

Baada ya duara ni kuandika. Miongozo ya kigeni hutaja maneno 300 hivi kwa hadithi moja. Kwa Kiswahili idadi hiyo ni kubwa mno, kwa sababu neno letu moja hubeba mengi: "nilipomwona" ni neno moja, ilhali kwa Kiingereza ni maneno manne. Maneno 200 yanatosha kwa dakika mbili, mtoto akisoma bila kukimbia. Rasimu ya kwanza karibu kila mara huwa ndefu, na kazi ya mwalimu ni kumsaidia mwandishi apunguze. Kinachoonekana kwenye picha hakina haja ya kutajwa tena. Kama mtungi wa bluu uko hapo mbele ya macho ya mtazamaji, neno "wa bluu" liondoke.

Kisha linakuja suala la lugha, ambalo huko Eastlands haliwezi kupigwa chenga. Sheng ni lugha ya mitaa hii. Wengi wanaoichunguza husema ilizaliwa hapa. Mtoto ana haki ya kufunzwa Kiswahili sanifu, maana ndicho atakachopimwa nacho. Lakini mama mboga wa Jericho hamuulizi mteja, "Je, ungependa kununua sukumawiki?" Suluhu inayotumika katika uandishi wa siku zote inafaa hapa pia: msimulizi asimulie kwa Kiswahili sanifu, na watu ndani ya hadithi waseme walivyosema. Nyanya akinena kwa Kikamba, Dholuo au Kisomali, maneno yake yasikike, kisha mjukuu ayafasiri. Mtoto anayejua mahali pa kuhamia kutoka lugha moja hadi nyingine amejifunza jambo ambalo zoezi la sarufi halingemfunza.

Picha huja baada ya maneno kukamilika. Michoro ipewe nafasi ya kwanza, kwa sababu kila mtoto anaweza kuchora na mchoro haufichui mtu. Kwa picha za kupiga, mambo machache hutosha: futa kioo cha kamera kwa kitambaa, simama mgongo ukiwa dirishani ili mwanga uangukie kitu unachopiga, na sogea karibu. Mikono ikikanda unga, viatu mlangoni, kivuli ukutani, kamba kwenye mtungi: picha kama hizi husema mengi kuliko uso unaotabasamu kwa kamera.

Shida kubwa kuliko zote ni kelele. Shule iliyo kando ya Jogoo Road au Outer Ring Road haijui kimya. Madarasa mengine yametenganishwa kwa mbao tu, na mvua ikipiga mabati hata mwalimu hasikiki. Kurekodi kufanywe asubuhi kabla ya gwaride au jioni wengine wakishaondoka. Chumba kidogo chenye vitu laini, kama stoo ya magodoro ya mazoezi, hunyonya mwangwi. Kama hakuna, masweta yakitandazwa juu ya dawati na mbele ya msomaji husaidia sana. Simu iwekwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiivamie, na izimwe mtandao ili mtu asipige katikati ya sentensi. Kila aya irekodiwe peke yake. Mtoto akikwama, anarudia aya moja tu, na hofu inapungua.

Darasa la wanafunzi 50 lenye vifaa viwili linaweza kugawanywa vikundi kumi vya watano. Kikundi kimoja kikihitaji dakika 20 za kurekodi, vyote vitamaliza kwa dakika 100, yaani vipindi vitatu vya dakika 35. Wakati huo wengine wanachora au wanasomeana rasimu. Zamu za kushika kifaa ziandikwe ubaoni. Zisipoandikwa, kifaa hubaki mikononi mwa wavulana wawili wenye sauti kubwa, na wasichana huishia kushikilia masweta.

Kuunganisha sauti na picha hufanyika kwenye kipakatalishi cha mwalimu kwa programu yoyote ya slaidi: picha moja kwa slaidi moja, sauti ya aya ikiwekwa juu yake. Hakuna intaneti inayohitajika. Muziki wa msanii maarufu usitumike, kwa kuwa una mwenyewe na sheria ya hakimiliki inamlinda. Makofi, mluzi na kijiko kwenye sufuria ni muziki tosha. Kwa wanafunzi wadogo ambao bado hawawezi kuandika aya nzima, kuna njia rahisi ya kuanzia: mkusanyo wa African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una vitabu vya picha katika Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kenya, vyenye leseni huria inayoruhusu kusomwa, kufasiriwa na kubadilishwa mradi mwandishi na mchoraji watajwe.

Mada hazikosekani. Mitaa ya Eastlands ina umri tofauti na kila mmoja una mambo yake: Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, Dandora na Umoja zikaja miaka ya 1970. Nyumba nyingi za zamani za kaunti zimo katika mipango ya kubomolewa kupisha ghorofa mpya, kama ilivyokwisha kufanyika Pangani. Mtoto wa Gredi ya 6 anayemuuliza nyanyake mti ulio mbele ya nyumba ulipandwa na nani anakusanya habari ambazo huenda baada ya miaka michache hazitapatikana kwa mtu yeyote.

Mzazi atatoa nini, na hatatoa nini

Turudi kwenye bando. Sauti ya dakika mbili iliyobanwa kwa mfumo wa MP3 ni takribani megabaiti mbili. Video ya dakika mbili ya ubora wa kawaida wa simu za sasa inaweza kuzidi megabaiti 200. Ni tofauti ya zaidi ya mara mia. Kwa hiyo mzazi akiombwa kutuma kitu, atume sauti au picha moja moja, na ana haki ya kumuuliza mwalimu kwa nini video inahitajika. Mara nyingi haihitajiki. Nyumba isiyo na simu ya kisasa haipungukiwi na lolote la lazima: mtoto achore nyumbani, arekodi shuleni.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule za umma kutoza karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata yakiidhinishwa, mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa kushindwa kuyalipa. "Pesa za mradi wa video" zisizo na idhini hiyo hazina msingi. Mzazi aanze na mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ikumbukwe kwamba, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na mitaani, vituo vya kulelea watoto, na maktaba.

Picha ya mtoto ni ya nani?

Hapa ndipo kuna hatari ya kweli, na wazazi wawe wakali kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inasema data ya kibinafsi ya mtoto haiwezi kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata ikiwepo idhini, lazima ifanyike kwa njia inayolinda haki na maslahi bora ya mtoto. Uso ni data. Sauti ni data. Jina, shule na mtaa vikiwekwa pamoja ni data inayomwezesha mtu asiyemjua mtoto kumsubiri langoni. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Fomu ya idhini inayofaa haihitaji kuwa ndefu. Ieleze ni kazi gani, nani ataiona, itawekwa wapi na kwa muda gani. Kuonyesha hadithi darasani ni jambo moja. Siku ya wazazi ni jingine. Ukurasa wa Facebook wa shule ni jingine kabisa. Ndiyo ya kwanza haimaanishi ndiyo ya tatu. Mzazi anaweza kukubali sauti na kukataa uso, na idhini aliyoitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Fomu isiyorudishwa ihesabiwe kuwa "hapana". Asiyeridhika anaweza kulalamika kwa Kamishna, ambaye sheria inampa siku 90 kuchunguza na kumaliza malalamiko.

Kuna watu wengine wanaosahaulika: jirani anayeanua nguo, kinyozi, mteja wa kioski. Nao waombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Simu zenye uwezo wa kurekodi mahali picha ilipopigwa zizimwe uwezo huo, la sivyo picha ya mtungi inabeba ndani yake ramani ya mlango wa nyumba. Na kikundi cha WhatsApp cha wazazi si mahali pa faragha. Kinachotumwa kwa watu 60 kimeshatoka nje.

Wanafunzi viziwi wana hali ya pekee. Lugha ya Ishara ya Kenya hutumia uso kama sehemu ya sarufi yake, kwa hiyo kuficha uso ni sawa na kufuta nusu ya maneno. Hadithi zao lazima ziwe video yenye uso wazi, na ndiyo maana mazungumzo na mzazi kuhusu watazamaji ni akina nani yanahitaji uangalifu mara dufu. Kazi bora ya aina hii inafanyika hapa nchini, kwa mfano hadithi za ishara zinazotengenezwa na Studio KSL ya eKitabu kwa ushirikiano na viziwi wenyewe.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ndilo zito zaidi. Watoto wakipewa nafasi ya kusema, wengine husema ya uchungu: kufukuzwa nyumba usiku, baba asiyerudi, kipigo. Mtoto asilazimishwe kusimulia jambo la aina hiyo ili hadithi "iguse watu", na asizuiwe pia akitaka kusema. Kinachobadilika ni atakayesikia. Mwalimu awaambie wanafunzi kabla ya duara kwamba kila mtu anaweza kuruka zamu, kwamba hadithi inaweza kumhusu mtoto mwenye jina jingine, na kwamba mtu akieleza kuwa anadhulumiwa, mwalimu hatanyamaza. Maelezo hayo hayarekodiwi, hayachezwi darasani, hayatumwi kwa mtu. Yanapelekwa kwa mwalimu mkuu na afisa wa watoto, au kwa simu ya bure ya watoto, 116, inayopokelewa usiku na mchana.

Mahali pa kusikilizia, na pa kuhifadhia

Hadithi nyingi hazihitaji kwenda mbali na darasa. Projekta, ukuta mweupe na wazazi 20 wakati wa mkutano wa muhula ni ukumbi tosha. Shule zenye hamu ya kusonga mbele zina Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la shule na vyuo, ingawa hapo kazi huwa imevuka mipaka ya hadithi ya dakika mbili na kuwa filamu. Maktaba za kaunti zilizoko Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan na zimefanyiwa ukarabati kwa ushirikiano na shirika la Book Bunk, ni mahali panapofikika kwa miguu kutoka mitaa mingi ya Eastlands. Walimu wanaweza kuuliza huko kuhusu nafasi ya kusomea hadithi mbele ya watoto wa shule nyingine.

Kabla ya muhula kufungwa, mwalimu anakili kazi zote kwenye diski mbili za flash: moja ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, nyingine maktaba ya shule. Vishikwambi hufutwa kila darasa jipya linapoingia, na simu za walimu huibwa kwenye matatu. Jina la faili liwe namba ya hadithi na mwaka, si jina la mtoto. Orodha ya majina ikae kwenye daftari, kabatini. Nakala ya kila hadithi apewe mwenyewe. Mzazi asiye na kompyuta apewe sauti peke yake, megabaiti mbili, inayochezwa hata kwenye simu ya vibonye yenye kadi ya kumbukumbu, na michoro asilia irudishwe nyumbani kwenye bahasha.